Mgahawa wa Kulipia Melini: Lini Utoe Pesa, Lini Ule Ulichokwisha Kulipia

Ukipanda meli ya kitalii utakuta chakula cha aina mbili. Kipo ulichokwisha kukilipia ndani ya nauli, na kipo kinachokungoja nyuma ya mlango wa kioo, penye mwanga hafifu, meza za watu wawili wawili na mhudumu aliyeshika tableti. Hicho cha pili kina bei yake. Kwenye kampuni kubwa za Marekani, chakula cha jioni katika mgahawa wa steki kwa kawaida huangukia kati ya dola 40 na 75 kwa kichwa, na meza ya mpishi mkuu, yaani mlo maalumu wa sahani nyingi unaoandaliwa na mpishi mkuu wa meli, hupita dola 100. Basi wasafiri huulizana: kinastahili?

Mimi naona swali hilo limeulizwa nusu. Kwamba chakula cha mgahawa wa kulipia mara nyingi ni kizuri kuliko cha ukumbi mkuu wa kulia, ule uliomo ndani ya nauli, hilo halina ubishi mkubwa. La kuuliza ni kizuri kwa kiasi gani, maana kile cha ukumbi mkuu hurudishiwi pesa usipokila. Ukitoa dola 60 kwa steki na huku chakula cha jioni ulikuwa nacho tayari, dola zote 60 zinalipia tofauti iliyopo kati ya sahani mbili. Kazi yako ni kuipima tofauti hiyo kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Angalia nauli yako imebeba nini

Kwenye meli nyingi nauli inabeba ukumbi mkuu wenye wahudumu na menyu inayobadilika kila jioni, bufee, na vibanda vya pizza, baga, sandwichi na aiskrimu. Usividharau vibanda hivyo. Baga za Guy's kwenye meli za Carnival hazina malipo ya ziada, na kwa mchana wa jua kali sitahani sijaona sababu ya kwenda kulipia kitu kingine.

Lakini si kampuni zote zenye mpangilio huu, na ni vyema ulijue hilo kabla ya kulinganisha nauli. Virgin Voyages, inayochukua watu wazima peke yao, haina ukumbi mkuu wala bufee: migahawa yake ya kukaa mezani imo ndani ya nauli, kazi yako ni kuweka nafasi tu. Oceania haitozi kuingia Polo Grill, Toscana, Jacques wala Red Ginger. Viking nayo, kwenye meli zake za baharini, haitozi kwa Manfredi's wala The Chef's Table. Nauli za kampuni za namna hii huwa juu, kwa hiyo pesa umeitoa, ila umeitoa mara moja na hakuna atakayekufuata na tableti. Disney ina utaratibu wake: familia huzungushwa kumbi tatu tofauti jioni hadi jioni bila nyongeza, na migahawa ya Palo na Remy ni ya wenye miaka 18 na kuendelea, kwa malipo.

Angalia pia aina ya chumba ulichonunua. Celebrity ina Luminae kwa wageni wa vyumba vya kifahari na Blu kwa wa vyumba vya daraja la AquaClass; MSC ina mgahawa wa peke yake kwa wageni wa Yacht Club, sehemu yake ya vyumba vya kifahari. Mtu aliyekwisha kulipia chumba cha namna hiyo ana ukumbi mdogo, tulivu, wenye jiko linalopikia watu wachache, na karibu kila kinachotangazwa kwenye migahawa ya kulipia anacho tayari. Kwake tofauti inakuwa nyembamba sana. Kabla ya jambo lingine lolote, fungua uthibitisho wa safari yako, soma aina ya chumba na ofa zilizoambatana nacho, kisha uone kama hakuna milo miwili mitatu iliyojificha humo.

Hatua ya 2: Fahamu tofauti inatoka wapi

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke, kwa sababu ukishaielewa, nyingine zote zinakuwa hesabu tu.

Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza safari Januari 2024, ina nafasi ya abiria 5,610 wakilala wawili wawili kila chumba, na ikijaa kabisa hupita 7,000. Si meli zote zilizo kubwa hivyo, lakini hata ile ya watu 2,000 inalisha umati kwa saa chache za jioni. Jikoni kwake ukumbi mkuu hupikwa kwa mpigo. Steki hukaangwa kwa makumi kabla oda hazijafika zote, zikapangwa kwa kiwango cha kuiva. Mhudumu wa meza yenu ya watu wanane anakusanya sahani zote pamoja, kila moja inafunikwa kwa kawa, zinapandishwa mbebano kwenye sinia kubwa, naye anainyanyua begani na kuanza safari ya kwenda mezani, pengine kwa ngazi ya umeme kutoka sitaha ya chini. Chini ya ile kawa mvuke hauna pa kutokea. Ule ukoko wa nyama uliokuwa umekauka vizuri unalowa, na nyama inaendelea kuiva ndani ya joto lake. Uliomba iwe nyekundu kidogo katikati, inakufikia ya kijivu. Hakuna aliyekosea. Ndivyo chakula cha umati kinavyosafiri.

Sasa fikiria vyakula ambavyo safari hiyo haiviumizi. Supu haidhuriki. Mchuzi mzito, nyama iliyochemshwa taratibu kwa saa nyingi, kari, lasanya, saladi, samaki wa moshi anayeliwa baridi, keki: vyote hivi vinapenda sufuria kubwa, na vingine huzidi utamu vikikaa. Vinavyoumia ni steki, samaki wa kuokwa, kamba wa kukaanga haraka, risoto, sufle, na chochote chenye ngozi au ukoko unaotakiwa kukatika chini ya jino.

Kanuni yangu yote inatoka hapo: lipia kile ambacho jiko la umati haliwezi kukifanya, na kile linachokiweza kikale bure.

Mgahawa wa kulipia una jiko lake au kona yake, na mpishi anasubiri oda yako ndipo aweke nyama motoni. Daraja la nyama nalo huwa juu zaidi. Migahawa mingi ya steki kwenye meli za Marekani hutangaza nyama ya daraja la Prime, ambalo ndilo la juu kabisa katika upangaji wa wizara ya kilimo ya nchi hiyo. Lakini usitegemee harufu ya mkaa. Kwa sababu ya hatari ya moto, majiko ya meli za kitalii kwa kawaida ni ya umeme. Steki itakuwa na ukoko mzuri na juisi ndani, moshi hakuna, hata menyu ikisema "ya kuchoma" kwa herufi za dhahabu.

Sehemu nyingine ya tofauti haipo kwenye sahani. Ni utulivu, meza ya wawili, mhudumu mwenye meza chache, na chakula kinachochukua saa mbili bila mtu kukuhimiza. Hili halina ubaya wowote, na si jambo jipya. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani Amerika ilikuwa na mgahawa wa kulipia uliobeba jina la Ritz-Carlton, na Titanic mwaka 1912 ilikuwa na mgahawa wake wa abiria wa daraja la kwanza ulioendeshwa na Luigi Gatti, ambao watu walilipia sahani kwa sahani ingawa ukumbi mkubwa wa daraja hilo hilo ulikuwa umeshalipiwa ndani ya tiketi. Tangu hapo kilichouzwa ni kujitenga na wengine. Kama unakithamini, kihesabu. Kama wewe hupenda meza kubwa yenye watu usiowajua na mhudumu yule yule kila jioni anayekumbuka kwamba hutaki kitunguu, basi kila jioni unayokwenda kwingine umepoteza kitu, nacho pia kihesabu.

Hatua ya 3: Tafuta bei yenyewe

Bei iliyoandikwa kwenye ubao siyo utakayoikuta kwenye akaunti ya chumba. Juu yake huongezwa bakshishi ya lazima, mara nyingi asilimia 18 au 20 kutegemea kampuni. Tuseme mgahawa ni dola 60 kwa kichwa na bakshishi ni asilimia 18. Mtu mmoja ni dola 70.80, wawili ni 141.60. Mkiongeza chupa ya mvinyo ya dola 45, nayo ina asilimia 18 yake, inakuwa 53.10. Jumla dola 194.70. Chupa ile ile mngeinywa ukumbi mkuu kwa 53.10 na chakula bure. Kwa hiyo ule mlo, peke yake, umewagharimu dola 141.60 kwa tofauti ya sahani na utulivu. Nambari hiyo ndiyo ya kuweka mezani mkijadiliana na mwenzako, siyo ile 60.

Halafu kuna nyongeza ndani ya nyongeza. Migahawa mingi inayotoza bei moja kwa kichwa huwa na vipande kadhaa kwenye menyu vyenye alama ndogo pembeni: kambakoche mzima, nyama ya wagyu (ng'ombe wa Kijapani), kipande kikubwa chenye mfupa mrefu. Hivyo vina bei yake juu ya uliyokwisha kulipa. Soma alama hizo kabla hujabuki, menyu nyingi zipo kwenye tovuti au programu ya simu ya kampuni. Kifurushi chako cha vinywaji, kama unacho, kwa kawaida kinafanya kazi hata kwenye migahawa hii. Kama uliruhusiwa kuingia na chupa yako ya mvinyo, tarajia ada ya kuifungua. Watoto mara nyingi hulipa kidogo, na wadogo kabisa huweza kula bure, ila umri unapoishia hutofautiana, uliza.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawaijui. Baadhi ya kampuni huweka mwishoni mwa menyu ya ukumbi mkuu vipande vichache vya nyama bora vya kulipia. Unabaki mezani kwako, supu na kitindamlo ni bure, unalipia steki tu. Bei huwa chini ya ile ya mgahawa. Ila kumbuka habari ya kawa na sinia: unanunua nyama nzuri zaidi, safari yake ni ile ile.

Hatua ya 4: Chagua mgahawa, usichague "kula nje"

Watu huchagua kutoka nje ya ukumbi mkuu kwanza, kisha wanakwenda penye nafasi. Geuza utaratibu.

Steki ndiyo chaguo langu la kwanza, na sababu nimeshazitoa. Jiko la umati haliiwezi, daraja la nyama ni tofauti, na mapishi yake hayategemei bahati sana. Kama utalipia mlo mmoja tu katika safari ya siku saba, uwe huu. Chops Grille kwenye Royal Caribbean, Cagney's kwenye Norwegian, Crown Grill kwenye Princess, Pinnacle Grill kwenye Holland America: majina tofauti, wazo moja.

Kitaliano naona ndicho chenye thamani ndogo zaidi kwa pesa yake, ingawa ndicho kinachojaa haraka. Tambi zipo ukumbi mkuu karibu kila jioni, zipo bufee, na pizza ipo mpaka usiku. Kinachobaki kulipiwa ni samaki, risoto iliyokorogwa kwa ajili yako, na ule ukumbi wenyewe. Ukienda, agiza hivyo, tambi ziache. Palo ya Disney naitenga kidogo na hukumu hii, kwa sababu kwenye meli iliyojaa watoto, saa mbili zisizo na mtoto zina thamani ambayo wazazi wanaijua wenyewe.

Sushi kwa kawaida hulipiwa sahani kwa sahani, na hapo bili hupanda kimyakimya. Wengine husikitika wakijua samaki aligandishwa. Wasisikitike: kanuni za afya za Marekani zinataka samaki wengi wa kuliwa wabichi wagandishwe kwanza ili kuua vimelea, kwa mfano nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku saba, na hoteli nzuri za nchi kavu huko hufanya vivyo hivyo. Sushi ya melini ifanye kitafunio cha mchana. Sahani mbili, mnagawana, mnaondoka.

Tepanyaki ni tamasha. Mnakaa kulizunguka bamba la chuma pamoja na wageni msiowajua, kwa saa iliyopangwa, mpishi anarusha mayai, anapiga vyuma, anamtania mtoto wa jirani yako. Chakula chenyewe ni wali wa kukaanga, mboga, nyama na kamba. Ukiwa na watoto wa kuanzia miaka sita hivi, ni pesa iliyokwenda mahali pake. Mkiwa wawili mnaotaka kuzungumza, epukeni. Nguo zitanuka mafuta, usivae ile ya picha.

Kihindi kina hesabu yake ya ajabu. Meli nyingi zina wapishi Wahindi jikoni, na kari, kama nilivyosema, inapenda sufuria kubwa. Kwenye kampuni nyingi ukimwambia mhudumu wako wa ukumbi mkuu leo, kesho jioni utaletewa dengu, kari na mkate wake bila senti ya ziada. Jaribu hilo kwanza. Sindhu, mgahawa wa Kihindi kwenye meli za P&O za Uingereza, ina wapenzi wake, lakini omba kwanza kile cha bure.

Meza ya mpishi mkuu ni ya wanywaji wa mvinyo, maana kila sahani huja na glasi yake, na sehemu kubwa ya bei iko kwenye glasi hizo. Kama hunywi, uliza bei isiyo na mvinyo kabla ya kubuki, na wakisema ni ile ile, achana nayo. Le Petit Chef ya Celebrity, ambako kikatuni cha mpishi mdogo kinatembea juu ya sahani yako kwa mwanga wa projekta, nenda ukijua unalipia sinema yenye chakula.

Hatua ya 5: Chagua siku

Usilipie mgahawa usiku wa kambakoche. Kwenye safari za siku saba, kampuni kadhaa huwa na jioni ambayo ukumbi mkuu unatoa kambakoche, mara nyingi jioni ya mavazi rasmi. Muulize mhudumu siku ya kwanza ni jioni gani, na jioni hiyo kaa ukumbini. Zaidi ya mtu mmoja amekula steki ya dola 70 huku wenzake chini wakila kambakoche bila kulipa.

Jioni ya kupanda ndiyo yenye punguzo. Watu wamechoka, mabegi mengine hayajafika vyumbani, hawajui njia, na migahawa iko nusu tupu. Baadhi ya kampuni hutoa chupa ya mvinyo au hupunguza bei. Vivyo hivyo jioni ambazo meli imekaa bandarini mpaka usiku. Ubaya wa jioni ya kwanza ni kwamba hujaonja ukumbi mkuu, kwa hiyo hujui unailipia tofauti gani. Mimi ningependelea ya tatu au ya nne, hata bila punguzo, isipokuwa punguzo liwe kubwa.

Usisahau mchana wa siku za baharini. Baadhi ya migahawa ya steki hufungua mchana kwa bei ya chini sana kuliko ya jioni, na menyu inafanana kwa sehemu kubwa. Ni njia nzuri ya kuonja kabla ya kuamua. Tatizo lake ni kwamba wengi hushiba asubuhi kwa bufee, wanakaa mezani saa saba mchana bila njaa.

Mwisho, saa. Mlo huu unachukua takriban saa mbili. Ukibuki saa moja na nusu jioni na onyesho la ukumbi wa michezo ni saa tatu, utakula ukiangalia saa, na utulivu ulioulipia umekwisha. Panga onyesho kwanza, mlo baadaye.

Hatua ya 6: Vifurushi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kifurushi kinaonekana kama akiba.

Chukua mfano ule ule. Mlo mmoja dola 70.80 pamoja na bakshishi. Kifurushi cha milo mitatu tuseme kinauzwa dola 130, na bakshishi inakuwa 153.40, yaani kama dola 51 kwa mlo. Ukilinganisha mlo kwa mlo, umeokoa karibu dola 20 kila mara. Lakini kama ulikusudia mlo mmoja tu, umetoa dola 82.60 zaidi kwa milo miwili ambayo hukuwa na haja nayo, na hiyo milo miwili inakwenda kwenye Kitaliano na sushi, kwa sababu mgahawa wa steki umekwisha kuuingia. Jiulize hivi: bila kifurushi, ningelipia milo mingapi? Jibu likiwa moja au hakuna, kifurushi si chako. Likiwa mitatu, nunua bila wasiwasi, baada ya kuhakikisha unaruhusiwa kuchagua mgahawa na siku. Vipo vifurushi ambavyo mlo wa kwanza unapangiwa na meli.

Kifurushi cha kula bila kikomo, kama kile cha Royal Caribbean, kina maana kwa mtu wa aina moja: anayekula kwenye migahawa hiyo karibu kila jioni na pia mchana wa siku za baharini, kwenye meli kubwa yenye migahawa mingi. Kwenye meli yenye migahawa miwili ya kulipia utakuwa unarudia menyu ile ile kufika jioni ya nne. Na "bila kikomo" ina mipaka: meza ya mpishi mkuu kwa kawaida haimo, na mgahawa wa sushi unaweza kukupa kiasi fulani cha pesa cha kutumia, ukizidisha unalipa.

Norwegian ina desturi ya kufungasha milo michache pamoja na vinywaji kwenye ofa ya nauli. Soma maandishi madogo. Ofa inayoitwa ya bure bado huja na bakshishi ya kulipa, idadi ya milo hutegemea urefu wa safari na aina ya chumba, na kwenye mlo wenyewe una haki ya chakula cha mwanzo, mlo mkuu na kitindamlo kwa idadi iliyowekwa. Hata hivyo, ukiwa nayo, itumie. Weka milo hiyo kwenye steki, na nafasi zishike mapema kwa sababu kila abiria mwenye ofa hiyo anatafuta meza hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Kubuki

Fanya hivi. Mara tu safari ikithibitishwa, ingia kwenye akaunti yako uone bei za mtandaoni, kisha zitazame tena mara kwa mara. Bei hizi hupanda na kushuka. Ikishuka, futa ile ya zamani ubuki upya, mradi kampuni inaruhusu kufuta kabla ya safari, na nyingi zinaruhusu. Kama una salio la kutumia melini ambalo halirudishwi kwa fedha taslimu, mgahawa ni mahali pazuri pa kulimalizia.

Ukipanda bila kubuki, muuzaji utamkuta tu, mara nyingi karibu na lango la bufee saa za mchana wa siku ya kwanza. Atakupa vifurushi kwanza. Muulize maswali matatu: mlo mmoja ni bei gani pamoja na bakshishi, jioni gani ina punguzo, na mwisho wa kufuta ni saa ngapi. Kwa kawaida unaweza kufuta mpaka siku moja kabla; ukichelewa au usipotokea, unatozwa.

Wenye mzio wa chakula, wasiokula nguruwe au wanaokula halali tu, semeni wakati wa kubuki, msisubiri kufika mezani. Jiko dogo linaweza kubadilisha mambo likiarifiwa mapema. Ulizeni hasa kuhusu mvinyo ndani ya michuzi, kwani migahawa ya Kifaransa na ya steki huutumia bila kuutaja kwenye menyu.

Hatua ya 8: Mezani

Agiza vitu vya motoni. Ukiagiza supu na lasanya kwenye mgahawa wa kulipia, umelipia ulichokuwa nacho. Uliza kama bei ya kichwa inaruhusu chakula cha mwanzo cha pili. Mara nyingi inaruhusu, hakuna atakayekuambia usipouliza.

Steki ikija imepita kiwango ulichoomba, irudishe papo hapo. Mhudumu hatanuna, ameshayaona. Kama mlo mzima ulikuwa mbaya, mwite msimamizi wa mgahawa kabla hujaondoka, maana yeye anaweza kuifuta bili au kukukaribisha tena. Malalamiko ya siku ya mwisho kwenye dawati la huduma huishia kwenye samahani.

Ukiletewa risiti ya kutia saini, angalia kama bakshishi imeshaongezwa. Karibu kila mara imeongezwa, na chini yake pana mstari mtupu wa bakshishi nyingine. Mstari huo ni hiari yako. Kisha jioni ya kabla ya kushuka, fungua akaunti ya chumba kwenye simu au televisheni na utazame kila mlo umetozwa mara moja tu, na ule uliofuta haumo. Fanya hivyo usiku, kwa sababu asubuhi yake foleni ya dawati la huduma huwa ndefu na kila mtu ana ndege ya kuwahi.